Duka la Jumapili, Sabato ya mama mkwe, na binti anayefungua mlango saa kumi na mbili

SWALI: Bwana Yesu asifiwe, mchungaji. Nina duka la vyakula na uwakala wa pesa za simu hapa Same. Jumapili naenda ibada ya kwanza, ikifika saa tano niko dukani mpaka usiku. Mama mkwe wangu ni Msabato, ananiambia siku yenyewe ni Jumamosi na sisi Walutheri tunajidanganya. Mwinjilisti wetu naye amefundisha kwamba anayefanya biashara Jumapili anamwibia Mungu. Mume wangu anasema tukifunga, wateja watahamia kwa jirani, na Jumatatu ndiyo siku ya rejesho la mkopo. Binti anayenisaidia hufungua saa kumi na mbili kila siku, kwa hiyo hata nikiwa kanisani duka halilali. Je, natenda dhambi? Na nikitaka kupumzika kama Mkristo, nianzie wapi?

JIBU: Asifiwe sana, dada yangu. Nianze na hilo linalokukosesha amani. Kumpimia mtu kilo ya sukari saa tano asubuhi hakuwi dhambi kwa sababu tu ni Jumapili. Hakuna mstari wa Agano Jipya unaosema hivyo. Ungamo la Augsburg la mwaka 1530, ambalo ninyi Walutheri mnalikiri, linasema katika kifungu cha 28 kwamba wanakosea wanaodhani Kanisa liliiweka Jumapili mahali pa Sabato kama sharti la lazima; siku iliwekwa ili waumini wajue wakutane lini. Mwinjilisti wako ana nia njema, naona anaumia kuona viti vitupu. Ila neno la kumwibia Mungu linatoka Malaki 3, na pale habari ni ya zaka na sadaka.

Pamoja na hayo, barua yako ina sentensi moja uliyoipita haraka, na mimi nimeirudia mara nyingi: binti hufungua saa kumi na mbili kila siku. Wewe unahangaika kuhusu saa zako za Jumapili mchana. Amri ya Sabato inaanza kuuliza juu ya huyo binti.

Soma Kumbukumbu la Torati 5:12-15 taratibu, ukihesabu wanaotajwa. Wewe, mwanao, binti yako, mtumwa wako, mjakazi wako, ng'ombe wako, punda wako, kila mnyama wako, na mgeni aliye ndani ya malango yako. Kisha linakuja kusudi lenyewe: mtumwa na mjakazi wapate kupumzika sawasawa na wewe. Amri hii inasemezwa kwa mwenye nyumba, yule ambaye akisema leo hatuendi shambani, watu wote na mifugo yote inakaa. Mjakazi hakuwa na haja ya kuamriwa apumzike, mwili wake ulikwisha kumwambia. Aliyehitaji kuamriwa ni mwenye mamlaka juu ya muda wake. Na katika duka lenu, dada, mwenye mamlaka hayo ni wewe.

Kwenye Kutoka 20 sababu ya amri ni uumbaji: Mungu alifanya kazi siku sita akastarehe ya saba. Kwenye Kumbukumbu sababu imebadilika, sasa ni Misri: kumbuka ulikuwa mtumwa. Misri palikuwaje? Kutoka 5 inaeleza. Musa na Haruni waliomba ruhusa watu waende jangwani wakamwabudu Mungu wao. Farao akajibu kwa kuwanyima majani ya kufyatulia matofali huku hesabu ya matofali ikibaki ile ile, na juu yake akawaita wavivu. Watu waliotoka kwenye hesabu ile wakapewa siku ambayo hakuna anayehesabiwa matofali. Ndiyo maana Kutoka 23:12 inamtaja hata mwana wa mjakazi, mtoto wa mtu wa chini kabisa ndani ya boma, naye apate kuburudika. Mungu hakutaka mtu aliyetoka utumwani awe Farao mdogo nyumbani kwake.

Martin Luther aliliona hili. Katika Katekisimo Kubwa ya 1529, akifafanua amri hii, anataja kwanza haja ya mwili: watu wa kawaida, watumishi wa kiume na wa kike waliofanya kazi juma zima, wapate siku moja ya kupumua. Ndipo anapotaja jambo kubwa zaidi kwake, kwamba watu wapate nafasi ya kukutana na kusikia Neno. Nakuambia haya kwa sababu wengi wetu tumerithi ile sehemu ya pili tu. Tunajaza kanisa, huku nyuma yetu binti yuko dukani au jikoni.

Serikali nayo imesema. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inamtaka mwajiri ampe mfanyakazi mapumziko ya angalau saa 24 mfululizo kila juma, na akikubali kufanya kazi katika saa hizo alipwe mara mbili ya kiwango chake cha saa. Haimtengi binti wa dukani wala wa nyumbani. Najua mabinti wengi hawajawahi kuisikia. Wewe sasa umeisikia.

Nije kwa mama mkwe. Kwenu Upare si ajabu Walutheri na Wasabato wakala chungu kimoja: wamisionari Waadventista, yaani Wasabato, walifika Upare Kusini mwaka 1903, na koo nyingi zimekaa na siku mbili tangu zama za mabibi. Kwa hiyo zungumza naye kwa heshima, na ukubali lililo kweli. Siku ya saba ni Jumamosi. Yesu aliishika, Luka 4:16 inasema kuingia sinagogi siku ya Sabato kulikuwa desturi yake. Hata wanawake waliokuwa wakienda kuupaka mwili wake manukato walisubiri Sabato ipite, Luka 23:56.

Hatukutani Jumapili kwa sababu kuna mtu aliyehamisha Sabato. Tunakutana kwa sababu Bwana alifufuka siku ya kwanza ya juma, na wanafunzi wakaanza kukusanyika siku hiyo kuumega mkate. Matendo 20:7 inawaonyesha Troa wakiwa katika chumba cha juu usiku, Paulo akihutubu mpaka kijana Eutiko akalala na kuanguka kutoka dirishani. Kwa nini usiku? Mwandishi hasemi, ila inaingia akilini kwamba watu wale walikuwa na kazi mchana. Mnamo mwaka 112 gavana Plinio, kule kaskazini mwa nchi tunayoiita leo Uturuki, alimwandikia Kaisari kwamba Wakristo hukutana siku maalumu kabla ya kupambazuka, kisha hutawanyika, na baadaye hukutana tena kula pamoja. Katika barua hiyo hiyo anasema aliwatesa watumwa wawili wanawake, wahudumu wa kanisa lile, ili apate ukweli. Watumwa! Watu wa namna hiyo hawakuwa na siku ya kupumzika. Waliiba saa ya alfajiri wakamwimbia Kristo, jua likichomoza wakarudi kwa mabwana zao. Ukisikia mtu anasema Mkristo asiyefunga kazi Jumapili hajaokoka, wakumbuke hao.

Mama mkwe anaweza kukuambia Jumapili ililetwa na Konstantino, Kaisari wa Roma. Hapo mjibu kwa upole. Justino Mfiadini, aliyeandika Roma miaka ya 150, anaeleza ibada ya siku ya jua kinaganaga: masomo, mahubiri, maombi, mkate na kikombe, mchango kwa yatima na wajane. Hiyo ni zaidi ya miaka 150 kabla ya Konstantino. Alichofanya Konstantino, mwezi Machi 321, ni kutoa sheria kwamba mahakimu, watu wa mijini na karakana wapumzike siku hiyo. Wakulima aliwaruhusu kuendelea. Na Julai ya mwaka huo huo akaongeza jambo ninalolipenda sana: mahakama zisifanye kazi Jumapili, isipokuwa kazi ya kuwaandikisha watumwa wanaowekwa huru. Sijui kama alikuwa na Kumbukumbu la Torati mawazoni, lakini mtu wa Musa angemwelewa.

Wapo pia waliokataa kuchagua. Waorthodoksi wa Ethiopia huheshimu siku zote mbili. Waliosimamia Sabato ya Jumamosi, wafuasi wa mtawa Ewostatewos, waliandamwa kwa zaidi ya karne moja hadi mtaguso, yaani mkutano mkuu wa kanisa, wa Debre Mitmaq mwaka 1450, chini ya mfalme Zara Yaqob, ulipowakubalia. Kwa hiyo suala hili si geni Afrika, wala halikuletwa lote na meli za Wazungu. Paulo anaandika kwa Warumi, 14:5, kwamba mmoja hutofautisha siku na siku, mwingine huona zote sawasawa, na kila mmoja awe na hakika katika akili yake. Mimi naadhimisha Jumapili. Mama mkwe anapoitunza Jumamosi kwa Bwana, siwezi kumwita aliyepotea, na namwomba naye asikuite hivyo.

Tena kuna jambo natamani ujifunze kwake. Nenda kwake Ijumaa alasiri. Utakuta chakula cha kesho kimepikwa, maji yamejaa kwenye madumu, nguo za watoto zimepigwa pasi na kutundikwa, viatu vimepangwa mlangoni. Jua linapozama wanaimba, wanafungua Sabato, na hakuna anayekimbizana na jiko. Wasabato huiita Ijumaa siku ya maandalio, na wanamaanisha. Sisi wa Jumapili tuna siku bila maandalio yake. Jumamosi tunafunga duka saa nne usiku, kisha tunaanza kufua.

Nimewahi kuketi katika vikao vingi vya baada ya ibada, na nasema hili nikijua wachungaji wenzangu watalisoma. Kwa mama wa Kikristo, Jumapili mara nyingi ndiyo siku nzito kuliko zote. Anaamka saa kumi kuwaogesha watoto, anawahi mazoezi ya kwaya kabla ya ibada, ibada saa mbili na nusu, mnada wa ndizi na mayai ya sadaka, kikao cha umoja wa wanawake, mchango wa jengo, kikao cha harusi ya mtoto wa mzee wa kanisa, kisha nyumbani anangojewa apike pilau kwa sababu ni Jumapili na wageni wapo. Mumewe anakaa uani na redio. Kama hiyo ndiyo siku ya Bwana, basi Bwana amepewa sifa ya msimamizi mkali. Usharika unaotaka watu wapumzike uangalie kwanza ratiba yake wenyewe. Nawe una ruhusa ya kusema hapana kwa kikao cha pili bila kuona umemkana Yesu.

Sasa hoja ya mume wako. Ni ya kweli, usiidharau. Njaa inajulikana kwenye Biblia. Ila hofu ya kwamba tukisimama siku moja tutakosa, Mungu aliishughulikia kabla hata ya Sinai. Kutoka 16: mana iliokotwa kila asubuhi, iliyowekwa hadi kesho ikaingia mabuu na kunuka, isipokuwa ya siku ya sita. Siku hiyo waliokota maradufu, na iliyobaki haikuoza. Waliotoka siku ya saba kutafuta hawakuona kitu. Watu hawa walikuwa wametoka Misri juzijuzi. Walikuwa wanafundishwa kwamba chakula cha siku ya saba hakitoki kwenye jasho la siku ya saba.

Nisikudanganye kwamba ukifunga Jumapili mauzo ya Jumamosi yatajiongeza maradufu. Sijapewa ahadi hiyo nikugawie. Pengine utapoteza wateja kadhaa, hasa wa uwakala. Nabii Amosi, 8:5, anawakemea wafanyabiashara waliotamani Sabato ipite upesi wauze nafaka, huku wakipunguza kipimo na kuongeza bei. Wale waliitunza Sabato kwa nje, mlango umefungwa, moyo uko kwenye mizani. Naona afadhali ufunge nusu siku kwa amani kuliko siku nzima ukiwa umekaa kitandani unahesabu kilichopotea.

Na hilo rejesho la Jumatatu, liweke mezani mlizungumze kama mke na mume. Mkopo unaokufanya ushindwe kufunga mlango hata siku moja katika saba una harufu ya hesabu ya matofali. Kama ni wa kikundi, ombeni siku ibadilishwe. Vikundi vingi hukubali mkieleza mapema. Ikishindikana, fedha ya rejesho itengwe Ijumaa, iwekwe kando kabla ya kununua mzigo, ili Jumapili isibaki siku ya kuitafuta. Kama ni mkopo wa kausha damu, ule wa riba kubwa, tafuteni ushauri wa kuumaliza, hata kwa kupunguza bidhaa dukani. Sabato yenu inaweza kuanzia hapo, kabla hamjafikia siku yoyote ya kalenda.

Utaniuliza, kwani isiwe Jumanne, siku ya wateja wachache? Kwa mwili wako Jumanne inatosha. Kwa nyumba yako haitoshi, kwani watoto wako shule na usharika haukutani. Serikali ya Kisovieti iliwahi kujaribu mwaka 1929: ilifuta siku ya pamoja, wafanyakazi wakagawanywa katika makundi matano, kila kundi na siku yake ya mapumziko ili mashine zisisimame. Mume akapumzika leo, mke keshokutwa, watoto siku nyingine. Watu walilalamika kwamba mapumziko ya peke yako si mapumziko. Mpango ule haukudumu, na mwaka 1940 wakalirudia juma la siku saba. Pumziko la Kikristo lina watu ndani yake: wa kusali nao, wa kula nao, wa kukaa nao bila shughuli. Lakini kwa muuguzi, askari, dereva wa basi na wengine ambao kazi zao hazilali, Jumanne ni zawadi kamili, waipokee bila hatia.

Umeuliza uanzie wapi. Anza na binti. Mwite mkae, mwambie kuanzia juma hili ana siku yake nzima, machweo hadi machweo, mshahara ule ule. Muulize yeye anataka ipi, maana pengine ni Msabato au Mwislamu na hujawahi kumuuliza. Akichagua siku isiyo Jumapili, basi siku hiyo wewe au mumeo mtafungua duka, na Jumapili asibaki na mzigo wenu wote.

Kisha yenu. Kwa miezi michache ya kwanza, fungeni kuanzia Jumamosi saa mbili usiku hadi Jumapili saa kumi alasiri. Andika karatasi, bandika mlangoni wiki mbili kabla, na uwaambie wateja wa daftari kwa mdomo wachukue unga na mafuta ya kupima Jumamosi. Utashangaa jinsi mteja anavyozoea akishajua. Simu ya uwakala izimwe na ifungiwe kabatini, kwa sababu mtu akipiga na wewe ukapokea, duka limefunguliwa. Hesabu za wiki zifungwe Jumamosi, deni na floti vikiwa vimeandikwa, usiende nazo kanisani kichwani. Chakula cha Jumapili kipikwe Jumamosi, au mumeo na watoto wapike. Mwambie nimesema mimi. Baada ya miezi hiyo, kaeni muangalie: mmepungukiwa nini, mmepata nini, muongeze saa au mbaki hapo. Ndani ya saa hizo msijipangie orodha ya ibada. Nendeni kanisani, mle, mlale mchana, mtembee kwa mgonjwa au kwa mama mkwe. Mkiimba jioni, vizuri. Mkicheka tu na watoto, Mungu hajakosa kitu.

Yesu alisema Sabato ilifanyika kwa ajili ya mwanadamu, si mwanadamu kwa ajili ya Sabato, na karibu kila mara aliposhtakiwa kwa siku hiyo palikuwa na mtu anayeteseka mbele yake: mwenye mkono uliopooza, mama aliyepinda mgongo miaka 18. Ng'ombe aliyetumbukia kisimani hangojei Jumatatu, aliwauliza Mafarisayo katika Luka 14:5. Kwa hiyo jirani akigonga Jumapili mchana, mtoto ana homa na anataka dawa ya maumivu au kutoa pesa ya nauli ya kwenda hospitali, toa simu kabatini, mhudumie, mpe pole, kisha funga tena. Akija mwingine dakika hiyo hiyo kwa sababu ameona mlango uko wazi na anataka vocha, mwambie kwa heshima arudi saa kumi.